Kuitembelea Uganda Isiyojulikana Sana: Mwongozo wa Njia ya Mashariki, kutoka Mbale hadi Kidepo

Mgeni anayeingia Uganda kwa mara ya kwanza hupewa orodha ile ile kila mwaka: gorila wa Bwindi, chanzo cha Nile pale Jinja, maporomoko ya Murchison, na picha kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe. Ni mahali pazuri, na sina haja ya kumkataza mtu kwenda huko. Hata hivyo, kibali cha kuwaona gorila kimefikia dola 800 kwa mgeni anayetoka nje ya Afrika tangu Julai 2024, na wageni wengi hutumia fedha na siku zao zote upande wa kusini-magharibi, kisha wakarudi kwao wakiamini kuwa wameiona Uganda. Mimi ninaishi Mbale, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapokea ndugu na marafiki kutoka Kenya na Tanzania wanaotaka kuiona nchi hii zaidi ya Kampala. Ushauri ninaowapa ni mmoja: chagua upande mmoja tu wa nchi, uupe siku kumi au kumi na mbili, na usiuache mpaka uwe umekaa na watu wake. Sehemu isiyojulikana haina mabango wala ratiba ya kumbeba mgeni, kwa hiyo mwenye haraka hupita karibu na kitu chenyewe asikione.

Upande ninaoupendekeza ni mashariki na kaskazini-mashariki, kwa njia inayozunguka: Mbale, Sipi, Kumi, Soroti, Moroto, Hifadhi ya Taifa ya Kidepo, kisha kurudi kwa Kitgum, Gulu na Nakasongola hadi Kampala. Mwenye siku nne tu asijaribu mzunguko huu. Anaweza kwenda Ziwa Bunyonyi karibu na Kabale, lenye visiwa 29 na lisilo na mamba wala viboko, au kupanda feri pale Nakiwogo, Entebbe, kuelekea Kalangala katika visiwa vya Ssese, ambavyo ni 84. Huko atapumzika vizuri bila kuhesabu saa za barabarani.

Kabla ya kuvuka mpaka

Raia wa Kenya na Rwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Mtanzania anayeingilia Mutukula aje na pasipoti. Wote wachukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu huulizwa mpakani, na ni afadhali kuchanjwa nyumbani mapema kuliko kuanza kubishana mbele ya dirisha la uhamiaji huku basi linakungoja. Mgeni wa kutoka mbali anayetaka kuunganisha Uganda na Kenya au Rwanda aulizie viza ya pamoja ya utalii ya nchi hizo tatu, ambayo hudumu siku 90.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni la mavazi. Nguo yoyote yenye mabakamabaka ya kijeshi, hata kofia au mkoba wa mtoto, ni kosa kisheria kwa raia nchini Uganda. Iache nyumbani. Acha pia nguo za buluu iliyokolea na nyeusi kwa siku utakazokuwa hifadhini, kwa kuwa rangi hizo huwavuta ndorobo, na kuumwa na ndorobo ni maumivu ambayo mtu hayasahau. Nguo za rangi ya udongo au majani makavu zinafaa zaidi. Usipige picha za askari, madaraja makubwa wala mabwawa ya umeme. Chukua dawa ya kinga ya malaria kwa ushauri wa daktari, na ulale ndani ya chandarua hata pale mwenyeji anapokuhakikishia kuwa hakuna mbu.

Kuhusu fedha, sajili laini ya simu ya Uganda siku ya kwanza kwa kutumia pasipoti au kitambulisho chako, kisha uweke akiba yako kwenye pesa za simu. Mawakala wapo hadi kwenye vijiji ambavyo havijawahi kuona benki. Mashine za kutolea fedha utazikuta Mbale, Soroti, Moroto, Kitgum na Gulu, lakini kati ya Moroto na Kitgum usizitegemee. Beba noti ndogo za shilingi 1,000, 2,000 na 5,000, kwa maana mama anayeuza ndizi kando ya barabara hana chenji ya noti ya 50,000. Ukija na dola, ziwe noti mpya na zisizochanika, la sivyo zitakataliwa au zitabadilishwa kwa bei ya chini.

Msimu ndio unaoamua

Kusini mwa Uganda kuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Karamoja, yaani eneo la kaskazini-mashariki lenye Moroto, Kotido na Kidepo, haifuati utaratibu huo. Mvua yake huanza karibu na Aprili na kuendelea kwa vipindi hadi Septemba, na udongo mweusi wa nyanda zile ukilowa hushika tairi kama gundi. Nililijifunza hili kwa gharama: mwaka mmoja nilimpeleka binamu yangu kaskazini mwishoni mwa Aprili kwa kuwa ndiyo likizo aliyokuwa nayo, na tukakesha ndani ya gari kabla ya kufika Kotido, tukivutwa asubuhi na vijana wa kijiji waliokuja na kamba na majembe. Walitufanyia hisani kubwa, lakini siku mbili za safari zilikuwa zimekwisha.

Kwa hiyo panga safari kati ya Desemba na Machi. Ni kweli kwamba Januari na Februari kuna joto kali na vumbi, lakini majira hayo ya kiangazi ndiyo yanayowafanya wanyama wa Kidepo wakusanyike kwenye bonde la Narus, ambako maji hubaki baada ya mahali pengine kukauka. Ukija wakati wa mvua, nyasi huwa ndefu, na nyati mia moja wanaweza kuwa mbele yako usiwaone.

Mbale, Sipi na michoro ya Nyero

Kutoka Kampala hadi Mbale ni kama saa tano kwa basi, na ukiingilia Busia au Malaba ni karibu zaidi, kwa kuwa unapita Tororo na mwamba wake unaoonekana kutoka mbali. Fahamu kwamba gari dogo la abiria ambalo Mkenya huliita matatu na Mtanzania daladala, Uganda huitwa taksi. Ukisema unataka taksi utaelekezwa kwenye stendi ya magari hayo. Ukitaka gari la peke yako, sema la kukodi, na mpatane bei kabla ya kuingia.

Mbale ni mji wa kuanzia kwa sababu una vitu vyote ambavyo utavikosa mbele: gereji, benki, maduka ya dawa, na watu wengi wanaozungumza Kiswahili. Kula malewa angalau mara moja. Ni machipukizi ya mianzi kutoka Mlima Elgon, ambao Wagisu, wenyeji wa Mbale, huuita Masaba. Hukaushwa kwa moshi, kisha hupikwa kwa karanga zilizosagwa. Kama safari yako inaangukia Agosti ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, hutakuta jambo ninalokuambia, lakini katika miaka inayogawanyika msimu wa imbalu, yaani tohara ya vijana wa Kigisu, hufunguliwa pale Mutoto karibu na Mbale. Mgeni anaruhusiwa kutazama ngoma na maandamano. Akumbuke tu kwamba kijana yule yuko katika siku nzito kuliko zote za maisha yake, kwa hiyo asimsogezee kamera usoni.

Sipi iko juu ya Mbale kwa barabara ya lami inayoelekea Kapchorwa. Maporomoko ni matatu, na lile kubwa hushuka takriban mita 100 kutoka kwenye ukingo wa mwamba. Makosa ya wageni wengi ni kufika saa sita mchana, kupiga picha kutoka barabarani na kuondoka. Lala pale usiku mmoja au miwili. Tafuta kijana wa kijijini mwenye kitambulisho cha chama cha waongozaji, mkubaliane bei mapema, na muanze kutembea asubuhi kabla njia hazijateleza kwa mvua ya alasiri. Muombe akupeleke kwa familia inayolima kahawa ya arabika. Utaichuma, utaimenya, utaitwanga kwenye kinu, utaikaanga juu ya moto wa kuni, na utainywa hapo hapo. Fedha unayolipa inaingia mkononi mwa mkulima mwenyewe, na hiyo ni sababu tosha ya kuichagua ziara hiyo badala ya duka la zawadi. Nchi hii ya Wasabiny ndiyo iliyowalea Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, bingwa wa mita 10,000 mwaka 2024, na ukiamka mapema utawaona vijana wakikimbia kwenye miteremko ambayo wewe unaitembea kwa kuhema. Mwenye nguvu na siku nne za ziada anaweza kupanda hadi Wagagai, kilele cha Elgon chenye mita 4,321, akiwa na mwongozaji na askari wa hifadhi.

Kutoka Mbale kuelekea Soroti, shuka Kumi na uchukue bodaboda hadi Nyero. Hapo kuna miamba mikubwa yenye michoro ya kale kwa rangi nyekundu na nyeupe: miduara ndani ya miduara, na maumbo marefu ambayo wengine husema ni mitumbwi. Watafiti wengi wanayahusisha na wawindaji walioishi hapa kabla ya Waiteso kufika. Lipa kiingilio, mkubali mwongozaji, na usiguse rangi hata kwa kidole kimoja, kwa sababu jasho la mkono linatosha kuiharibu. Saa mbili zinakutosha, nawe utakuwa umeona kitu ambacho Waganda wengi wa Kampala hawajakiona.

Lugha yako na salamu zao

Msomaji wa Kiswahili ana hazina Uganda, lakini lazima ajue namna ya kuitumia. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na hata hivyo katika Buganda wapo wazee wanaokisikia bado kama lugha ya askari wa serikali zilizopita, waliowaamrisha watu kulala chini. Usimlaumu mzee wa namna hiyo. Ana kumbukumbu zake. Huku mashariki mpakani, Karamoja, Acholi na Nile Magharibi hali ni tofauti, na mara nyingi Kiswahili kitakufikisha mahali ambapo Kiingereza kimegonga mwamba.

Utaratibu mzuri ni kuanza na salamu ya mwenyeji, kisha kuuliza kwa upole kama anasikia Kiswahili. Kwa Wagisu sema "Mulembe", maana yake amani. Teso sema "Yoga". Karamoja uliza "Ejoka?" na Acholi "Kopango?" Mzee muite mzee, mwanamke mtu mzima muite mama, na usiulize njia kabla ya salamu kukamilika. Nimeona safari zikiokolewa na salamu moja iliyotamkwa vibaya lakini kwa moyo.

Karamoja

Lami sasa inafika Moroto kutoka Soroti, na safari iliyokuwa ya siku nzima ya kutikiswa imekuwa fupi na laini. Mji uko chini ya Mlima Moroto wenye mita 3,083. Kaa siku mbili. Huu ndio wakati wa kuuliza hali ya barabara na ya usalama kuelekea Kotido na Kaabong, kwa sababu wizi wa ng'ombe wenye silaha umewahi kuirudisha nyuma Karamoja mara nyingi, na utulivu wa leo unahitaji kuthibitishwa kila safari. Nenda kituo cha polisi au ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na uulize waziwazi. Usisafiri usiku kabisa, hata kama dereva anakuambia anaijua njia.

Boma la Wakaramojong huitwa ere. Limezungushiwa miti na miiba, na mlango wake ni mfupi mno, kiasi kwamba kila anayeingia huinama, awe mkubwa au mdogo. Usiingie bila kualikwa, wala usiombe kualikwa ukiwa ndani ya gari. Tafuta mwongozaji mzaliwa wa hapo, naye atazungumza na wazee na kukueleza mchango unaofaa. Kuhusu picha, omba kwanza kwa kila mtu, na anayekataa amekataa. Nasisitiza hili kwa kuwa Karamoja imepigwa picha mno na kusikilizwa kidogo. Wageni huja na kamera ndefu, huwatazama watu kama wanyama wa hifadhi, na huwagawia watoto peremende hadi watoto hao wakaacha darasa kukimbilia magari. Ukitaka kusaidia, uliza shule au zahanati inahitaji nini.

Kutoka Moroto kwenda Kotido, Kaabong na hatimaye Kidepo ni barabara ya changarawe, na hapa unahitaji gari imara linalovuta magurudumu yote manne, lenye tairi mbili za akiba. Gawaneni gharama ya kukodi mkiwa wanne. Jazeni mafuta kila mnapoyakuta, bebeni maji ya kunywa ya siku mbili, na ondokeni alfajiri.

Hifadhi ya Taifa ya Kidepo ilianzishwa mwaka 1962, ina kilomita za mraba 1,442, na inapakana na Sudan Kusini. Makao yake ni Apoka, ambako kuna mabanda nafuu ya Mamlaka ya Wanyamapori pamoja na hoteli ya gharama kubwa. Mabanda yanatosha, lakini yaulizie kabla ya kuondoka Kampala au Mbale, pamoja na namna ya kulipa, kwa kuwa si busara kufika getini na fedha taslimu ukidhani zitapokelewa tu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa mbali, mradi aonyeshe kitambulisho. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo ingia alasiri: utatembea hifadhini jioni hiyo, na asubuhi inayofuata ukiwa bado ndani ya tiketi ile ile.

Asubuhi kaa bonde la Narus. Utaona nyati kwa mamia, twiga, tembo, simba waliojilaza juu ya miamba, na ukibahatika duma, ambaye sehemu nyingine za Uganda humpati kwa urahisi. Kuna zaidi ya aina 470 za ndege, na mbuni ni mmoja wao. Siku ya pili mchukue askari wa hifadhi mwende bonde la Kidepo lenyewe, kaskazini, ambako mto umekuwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka na mivumo imepanga mstari kwenye kingo zake, hadi chemchemi za maji moto za Kanangorok. Huko unaweza kukaa saa tatu usikutane na gari lingine. Mimi hupenda kuzima injini na kunyamaza.

Siku ya tatu, kwa mwenye miguu, ni ya Mlima Morungole, wanakoishi Waik, jamii ndogo yenye lugha yake isiyofanana na ya majirani zake, ambayo iliondolewa bondeni hifadhi ilipoanzishwa. Kupanda ni kazi ya siku nzima, lazima uwe na askari na mkalimani, na wageni hupelekwa kwa makubaliano na wazee. Kuhusu zawadi ya kuwapelekea, kama mkate na sukari, muulize mwongozaji kinachofaa msimu huo. Kumbuka kwamba mandhari unayoisifu kule chini ilikuwa nchi ya babu zao, na uwasikilize wakitaka kulisema hilo.

Kurudi kwa njia ya Acholi

Usirudi ulikotoka. Kutoka Kidepo shika njia ya Kitgum, na kuanzia Kitgum hadi Kampala ni lami. Pale Kitgum au Gulu agiza malakwang, mboga chachu iliyopikwa kwa karanga na ufuta, iliwe kwa viazi vitamu. Kaskazini mwa Gulu iko Ngome ya Patiko, ambayo mpelelezi Mwingereza Samuel Baker aliijenga mwaka 1872 mahali palipokuwa kituo cha wafanyabiashara wa watumwa waliowapeleka watu kaskazini kwa njia ya Nile. Sisi watu wa Kiswahili tumezoea kuikumbuka biashara hiyo kwa Bagamoyo na Unguja. Kusimama juu ya miamba ya Patiko kunakuonyesha kwamba bara hili lilinyonywa pande zote mbili. Tenga nusu siku, na mwombe mtunzaji akueleze kwa utaratibu.

Kituo cha mwisho ni hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, wilayani Nakasongola, kando ya barabara ya Gulu kuelekea Kampala. Vifaru wa Uganda waliisha kabisa kwa ujangili mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hifadhi hii ilianza kuwarudisha mwaka 2005 kwa vifaru wanne kutoka Kenya, kisha wakafuata wawili kutoka Marekani. Ndama wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 2009 kwa baba Mkenya na mama Mmarekani, aliitwa Obama. Unawafuata kwa miguu pamoja na askari, kimya na kwa mstari mmoja, ukivaa viatu vya kufunika na suruali ndefu kwa sababu ya kupe na majani yanayokwaruza. Jipange uanze kutembea saa moja asubuhi kabla ya jua kuwapeleka kifaru na ndama wake vichakani, kisha urudi barabarani Nakitoma kabla ya saa sita, wakati magari ya kutoka Gulu yanapopita yakiwa bado na nafasi za kukaa.